Kwa nini myasmini wa Ujiji uliacha kuchanua: uchambuzi wa kisa kimoja

Mti wenyewe uko Ujiji, uani kwa bibi mmoja ambaye kwa miaka mingi harusi za mtaa wake zilikuwa hazipiti bila yasmini zake. Maua yalichumwa jioni, yakatungwa vikuba pamoja na mrehani, na bibi harusi akaketi ananukia. Kisha mti ukaanza kugoma. Kila mwaka maua yakapungua, mpaka yakabaki majani matupu na matumba machache huko juu ambako hata kijana mrefu hafiki bila ngazi. Majirani wakasema mti umezeeka, ung'olewe. Na mjukuu wa bibi alikuwa ameshaposwa. Harusi ilipangwa Mfungo Mosi, baada ya Idd ya mwaka 2025 iliyoangukia mwisho wa Machi. Bibi hakutaka hata kusikia habari ya maua ya plastiki. Nilipoitwa ilikuwa Septemba 2024, kiangazi kimekaza.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu miyasmini ya hali hii nimeiona mingi, Mwanga na Gungu hapa Kigoma, hadi Tabora mjini, na karibu yote inahukumiwa vilevile. Inaitwa mizee, kumbe haijawahi kukatwa.

Mti ulivyokuwa

Myasmini wa bibi ni ule wa kawaida wa uani, Jasminum sambac kwa jina la kitaalamu, asili yake upande wa Bara Hindi. Majani yake ni mapana, yanang'aa, yanatoka mawili mawili yakielekeana, na ua lake jeupe hufunguka usiku. Ukiachwa bila kuguswa hurefusha matawi, yakalala na kuegemea chochote kilicho karibu. Huu wa bibi ulikuwa umeegemea ukuta upande mmoja na tawi la mwembe upande wa pili, na umepita paa la jiko.

Kutoka ardhini yalitoka mashina tisa. Matano yalikuwa makongwe, manene kuliko kidole gumba, ganda lake la kijivu lina nyufa, hayana hata jani moja mpaka usawa wa kifua. Mawili yalikuwa machanga zaidi, yamejipenyeza upande wenye jua. Mawili ya mwisho yalionekana yamekufa.

Kujua kama shina limekufa hakuhitaji utaalamu. Kwaruza ganda kwa ukucha. Ukikuta kijani chenye unyevu chini yake, lina uhai. Ukikuta kahawia kavu, teremka kidogo ukwaruze tena. Katika yale mawili, moja lilikuwa kavu hadi ardhini. La pili lilikuwa kavu mpaka usawa wa goti, chini ya hapo kijani kibichi kabisa. Bibi alipokiona kile kijani aliinama, akaweka ukucha wake pembeni ya wangu, akakwaruza mwenyewe. Kuanzia hapo habari ya kung'oa haikurudi tena.

Yasmini ya aina hii haitoi ua kwenye tawi kongwe. Ua hutoka kwenye ncha ya chipukizi jipya la msimu uleule, mara nyingi matumba matatu kwa pamoja, la kati likitangulia kufunguka. Ncha ikishachanua, kazi yake imekwisha. Maua mengine yatategemea macho yaliyo chini yake yaamke na kutoa machipukizi mapya. Sasa, ncha ya kila tawi hutengeneza homoni inayoteremka na kuyalaza macho ya chini. Kama hakuna anayekata, macho yanayoamka ni yale ya juu tu, karibu na jua. Kila mwaka mahali pa kuchanulia panapanda kidogo, na vijitawi vinavyobeba maua vinazidi kuwa vyembamba. Baada ya miaka ya kutosha unakuwa na mita tatu za vijiti na shubiri moja ya majani yenye nguvu kileleni.

Uchumaji wa nyumbani kwa bibi nao ulichangia. Waliokuwa wakichuma walichopoa ua peke yake, wakaacha kikonyo na ncha iliyochoka palepale. Mkono haukuwa unaondoa chochote cha kuuamsha mti. Kwa miaka ya mwanzo hilo halikuonekana, kwa kuwa mti ulikuwa mfupi na una macho mengi ya kuchezea.

Majani ya manjano

Kama tatizo lingekuwa ukongwe wa matawi peke yake, ningekata siku ileile. Lakini majani machanga yalikuwa ya manjano, mishipa yake imebaki kijani, kila mshipa unaonekana waziwazi. Majani ya zamani, ya chini yake, yalikuwa na rangi yake ya kawaida.

Mpangilio huo una maana kubwa, na wengi hawautazami. Mmea ukipungukiwa na naitrojeni, majani ya zamani ndiyo yanayopauka kwanza, maana mmea huitoa naitrojeni humo na kuihamishia kwenye majani machanga. Madini ya chuma hayahamishiki hivyo. Yakikosekana, wanaoumia ni wachanga. Na mara nyingi udongo hauna upungufu wa chuma. Kilichopo ni udongo wenye alkali nyingi, ambamo chuma kinajifunga na mizizi haiwezi kukinyonya. Kwa hiyo anayeona manjano haya akakimbilia urea, mbolea ya naitrojeni, amekosea mlango.

Nilimuuliza bibi anaulisha mti wake nini.

"Majivu, mwanangu. Kila nikizoa jikoni naupelekea. Tangu marehemu mama yangu, maua ni majivu."

Kuna ukweli katika hilo. Majivu yana potasiamu, na potasiamu husaidia maua. Kwenye udongo wenye tindikali, konzi mbili tatu kwa msimu hazina ubaya. Ila pale shinani palikuwa na gamba la kijivu lenye unene wa vidole viwili, majivu ya mkaa na kuni ya miaka na miaka, na majivu ni alkali. Juu yake yalimwagwa maji ya bomba kila jioni ya kiangazi. Maji ya bomba ya hapa yanatoka ziwani, na maji ya Ziwa Tanganyika yana pH, yaani kipimo cha tindikali na alkali, inayofikia karibu 9, wakati maji yasiyoegemea upande wowote ni 7. Kwa kunywa na kufulia hayana shida. Kwa mti ambao udongo wake tayari umejaa majivu, ni kuongeza alkali juu ya alkali tangu Mei mpaka Oktoba.

Bibi mwenyewe alitoa ushahidi ulioniridhisha. Alisema masika yakikolea, rangi ya majani hurudi kidogo. Maji ya mvua yalikuwa yanausafisha udongo, kisha kiangazi kinaurudisha palepale.

Jambo la tatu lilikuwa kivuli. Miembe ya Ujiji inajulikana, na huu wa uani ulikuwa umetanua matawi mawili makubwa juu ya myasmini, ukiuzibia jua tangu asubuhi. Myasmini huu unataka jua la moja kwa moja saa sita au zaidi kwa siku. Lakini mwembe ule ni wa mirathi, na tawi halikukatwa mpaka kaka zake bibi waliporidhia. Waliridhia tawi moja. Upande mwingine wa kivuli ulibaki.

Kukata, na kiasi cha kukata

Palikuwa na mabishano hapa, na yalikuwa ya haki. Mjukuu alikuwa ameona video ya wakulima wa Tamil Nadu, kusini mwa India, ambako maua haya ni zao la biashara, hasa upande wa Madurai. Wao hukata shamba zima usawa wa sentimita 45 hadi 50 kutoka ardhini mwisho wa Novemba, baada ya kusimamisha maji kwa muda, na kuanzia Machi maua yanaanza kumiminika. Akauliza kwa nini na sisi tusikate yote mara moja.

Aliona pia mafunzo mengine ya Ulaya yanayosema yasmini ikatwe mara tu ikimaliza kuchanua, kisha iachwe. Ushauri huo unafaa kwa aina nyingine, kama Jasminum polyanthum na Jasminum nudiflorum, ambazo huchanua kwenye matawi ya mwaka uliopita. Ukizikata wakati usio wake umekata maua ya mwaka ujao. Yetu haina tatizo hilo, kwa kuwa ua lake hutoka kwenye chipukizi jipya. Kabla ya kufuata video yoyote, jua kwanza yasmini inayozungumzwa ni ipi.

Kuhusu kukata yote, nilikataa. Miti ya Madurai hukatwa kila mwaka, iko kwenye jua, inalishwa, ina akiba mizizini. Wa bibi ulikuwa na mizizi yenye njaa ya chuma na majani yasiyofanya kazi vizuri. Ukiunyang'anya majani yote kwa siku moja, hauna cha kuchipulia. Nikapendekeza tuugawe kwa miaka miwili: mwaka huu makongwe matatu, mwaka ujao mawili.

Bibi alishika shina nene kuliko yote. "Hapo ukikata utaniulia mti, mwanangu."

"Hatukati yote, bibi. Tunaacha haya mawili makubwa na haya machanga, yaendelee kuulisha. Haya matatu ndiyo yanayoanza upya."

Kwa wakati, Kigoma tuna msimu mmoja wa mvua, tangu Novemba mpaka Aprili au mwanzo wa Mei. Tulikata mwanzoni mwa Oktoba, joto likiwa juu, ili machipukizi yanapotoka mvua iwe mlangoni. Anayekata Juni, ubaridi wa usiku unampunguzia kasi na maji yote ni ya kubeba. Anayekata Desemba mvua ikiwa kubwa, vidonda vinakaa vimelowa na ugonjwa unapata pa kuingilia.

Lile shina lililokufa liliondolewa hadi ardhini. Lililokufa nusu lilikatwa pale kijani kinapoanza. Makongwe matatu yalikatwa kwa msumeno usawa wa goti. Panga nililikataa, maana linapasua shina na mpasuko unateremka mpaka chini. Machanga mawili yalipunguzwa theluthi ya juu kwa mkasi wa kupogolea. Kila mkato uliinamishwa kidogo ili maji yasitulie, nusu sentimita juu ya kifundo chenye jicho linalotazama nje. Kisiki kirefu juu ya jicho hukauka na ukavu huo unashuka. Mkato unaogusa jicho unaliua. Msumeno na mkasi vilifutwa kwa spiriti kila tulipohama shina.

Vipande laini vya juu hatukuvitupa. Vile vyenye urefu wa sentimita 10 hadi 15, majani ya chini yamepogolewa, vilichomekwa kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, vikawekwa kivulini. Yasmini hii ni nadra kuzaa mbegu, kwa hiyo kipande ndicho mche.

Gamba la majivu tulilikomba kwa mkono na jembe dogo, taratibu, kwa kuwa mizizi mingi iko juu juu. Pakawekwa karai mbili za samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, kisha matandazo ya majani makavu, yasiguse mashina. Chini ya bati la jiko likategwa pipa la maji ya mvua. Mpaka mvua ije, mti ulipewa ndoo mbili za maji ya bomba kila baada ya siku tatu au nne, yazame chini, badala ya kikombe kila jioni. Maji ya kuoshea dagaa wa chumvi, ambayo nayo yalikuwa yakiishia hapo, yalipata mahali pengine.

Miezi ya kungoja

Wiki ya tatu macho yakaanza kuvimba kwenye makongwe mawili, na kwenye lile lililokufa nusu yakatoka machipukizi manne. Kongwe la tatu halikutoa kitu. Lilikaa na kijani chake mpaka Desemba, kisha likakauka. Kukata shina kongwe kuna hatari hiyo, na ndiyo sababu nyingine ya kutoyakata yote kwa pamoja.

Majani mapya yaliyotoka baada ya mvua kushika yalikuwa ya kijani. Yale ya manjano ya zamani mengi hayakubadilika. Yalianguka kwa wakati wake. Nasisitiza hili kwa sababu wengi hutibu udongo, wakaangalia majani yaleyale yaliyougua, wakakata tamaa. Tazama jani linalofuata.

Desemba ukatokea mkasa. Nilikuta machipukizi yamekimbia karibu mita moja, laini, pingili ndefu, bila tumba hata moja, na ncha zimejaa vidukari. Kijana wa nyumbani alikuwa ameumwagia mti urea iliyobaki shambani kwenye mahindi, kwa nia njema kabisa. Naitrojeni nyingi huupeleka mti kwenye majani na urefu. Wakulima wa Tamil Nadu hushauriwa kuupa kila mti fosforasi na potasiamu maradufu ya naitrojeni, na sababu ni hii hii. Tulikata machipukizi yale nusu, tukaosha vidukari kwa maji ya sabuni, na mfuko wa urea ukarudi stoo. Mkasa huo ulitucheleweshea mwezi mzima.

Januari ikaanza kazi ambayo mimi huithamini kuliko ule ukataji mkubwa, ingawa haionekani: kuondoa ncha. Chipukizi likifikisha jozi tano za majani, unaitoa ncha yake kwa kucha mbili. Macho mawili chini ya hapo yanaamka, ncha moja inakuwa mbili. Yakikua, unatoa tena, mbili zinakuwa nne. Na kila ncha ndipo mahali pa maua. Mti mfupi wenye ncha nyingi utauacha mbali mti mrefu wenye ncha chache.

Lakini kila ukiondoa ncha unasogeza maua mbele. Kwa joto letu na maji ya kutosha, tangu ncha itolewe mpaka tumba lijae ni kama wiki sita hadi nane. Kwa hiyo tulihesabu kurudi nyuma. Harusi ilikuwa katikati ya Aprili. Mara ya mwisho kugusa ncha ikawa wiki ya pili ya Februari. Baada ya hapo nilimwomba bibi asiruhusu mkono wowote, hata wa mtoto anayepita.

Kilichopatikana

Matumba yalianza kuonekana mwisho wa Machi, usawa wa kiuno na kifua, mahali pa kuchumia bila ngazi. Aprili mvua ilikuwa bado nzito, na ua lililofunguka likipigwa na mvua hugeuka kahawia kabla ya mchana. Ndiyo maana tulichuma matumba, tukayaacha maua yaliyokwisha kufunguka. Tumba la kuchuma ni lile lililojaa, jeupe kabisa, bado limefumba. Lenye ukijani likichumwa haliji kufunguka vizuri. Yalichumwa alasiri, yakafungwa kwenye kitambaa chenye unyevu ndani ya jani la mgomba, yakatungwa magharibi, yakafunguka usiku vichwani na vifuani mwa wenyewe.

Yalitosha vikuba vya bibi harusi, mama yake na mashangazi waliomtoa. Hayakutosha ukumbi mzima, na sikuwa nimeahidi hivyo. Upande ulio chini ya mwembe ulitoa maua machache mno, na utaendelea hivyo maadamu tawi la pili lipo. Mtu asidhani mkasi unaweza kuchukua nafasi ya jua.

Baada ya harusi bibi amebadilisha uchumaji. Kundi la maua likimalizika, anakata kijitawi kile pamoja na jozi moja au mbili za majani, kwa mkasi mdogo wa kushonea. Mei mti ulitoa maua tena, machache lakini yenye ukubwa wake, na hilo lilikuwa halijatokea kwa miaka.

Kazi iliyobaki baada ya hapo ilipangwa Oktoba 2025: makongwe mawili yaliyoachwa yakatwe usawa wa goti, sasa yakiwa na wenzao wachanga wa kuulisha mti. Kwa kuwa Idd husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, ya 2026 ilihesabiwa kuangukia yapata tarehe 20 Machi, mwezi ukiandama. Kwa hesabu hiyo, mwenye harusi wiki mbili tatu baada ya Idd hiyo aache kugusa ncha mwisho wa Januari au mwanzo wa Februari. Kati ya vipande vilivyochomekwa, kadhaa vimeshika mizizi. Viwili vimepandwa mbele ya nyumba, mbali na mwembe, kwenye jua la asubuhi mpaka saa nane mchana, na bibi ameshapiga marufuku majivu upande huo.